Uvimbe adimu wa ubongo unaodhoofisha macho na kudumaza watoto

MTOTO wa miaka tisa akianza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi, wengi wetu hufikiria malaria, kisha homa ya matumbo, kisha uvivu wa kwenda shule. Akianza kujigonga kwenye milango na kutouona mpira unaorushwa kutoka kando, hununuliwa miwani. Akianza kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha miaka mingi iliyopita, huchapwa au kuaibishwa mbele ya ndugu zake. Naye akibaki mfupi huku wadogo wake wakimpita kimo, husemwa kuwa amerithi ufupi wa nyanyake.

Kila mojawapo ya dalili hizo, ikiwa peke yake, ina sababu nyingi za kawaida na mara nyingi si jambo la kutisha. Lakini zikikusanyika mbili au tatu katika mwili wa mtoto mmoja, kuna maradhi ambayo daktari hana budi kuyafikiria mapema: uvimbe adimu wa ubongo unaoota kando ya tezi ya pituitari, ambao wataalamu huuita kraniofaringioma.

Uadimu wake ndio unaowaponza wagonjwa. Makadirio ya kimataifa ni kwamba wagonjwa wapya huwa kati ya 0.5 na 2 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Ikiwa viwango hivyo ndivyo vilivyo hapa nchini, Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 50, ingetarajia wagonjwa wapya wapatao 25 hadi 100 kila mwaka. Daktari wa kawaida anaweza kuhudumu hadi astaafu bila kukutana na hata mmoja, na jambo ambalo mtu hajawahi kuliona si rahisi kulishuku. Kwa sababu hiyo mgonjwa huzungushwa kutoka zahanati hadi hospitali kwa miezi, pengine miaka, na kila mwezi unaopita una gharama yake, hasa kwa macho.

Uvimbe huu unaweza kumpata mtu wa umri wowote, wa kike au wa kiume. Hata hivyo, kuna vipindi viwili ambapo huonekana zaidi: utotoni, kati ya miaka 5 na 14, na tena ukubwani, kati ya miaka 50 na 74.

Si saratani, lakini haumwachi mtu salama

Madaktari wakiuchunguza kwa darubini, huuweka katika daraja la kwanza, yaani daraja la uvimbe usio saratani. Hukua polepole na ni nadra mno kusambaa kwenda sehemu nyingine za mwili. Mzazi akielezwa hivyo hushusha pumzi, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini hapo ndipo maelezo mengi hukatika kabla ya kufikia jambo lenyewe.

Mkuyu ulioota ndani ya ukuta wa jumba la mawe kule Lamu si mti mbaya; ungeota shambani ungewapa watu kivuli. Taabu ni kwamba mizizi yake imepenya kati ya mawe, na anayeung'oa kwa pupa hubomoa ukuta. Uvimbe huu uko hivyo hivyo. Ubaya wake unatokana na mahali ulipoota na jirani zake.

Jirani wa kwanza ni tezi ya pituitari yenyewe. Ni ndogo kama punje ya njegere, ina uzani wa takriban nusu gramu, na imekaa katika kijishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu, nyuma ya pua. Wanaanatomia wa kale walikiita kijishimo hicho tandiko la Mturuki kwa kuwa kinafanana na tandiko la farasi. Licha ya udogo wake, tezi hii huziamrisha tezi nyingine nyingi. Huiambia tezi ya thairoidi shingoni ifanye kazi, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, huchochea ovari na korodani, humfanya mtoto arefuke, humpa mama maziwa ya kunyonyesha, na huhifadhi homoni inayozuia figo zisimwage maji yote ya mwili.

Jirani wa pili yuko juu tu ya tezi hiyo: makutano ya neva za macho. Neva kutoka jicho la kulia na la kushoto hukutana hapo, na nyuzi zinazobeba picha za pembeni huvuka upande wa pili. Uvimbe ukisukuma kutoka chini, nyuzi hizo zinazovuka ndizo huumia kwanza.

Jirani wa tatu ndiye anayeogopwa zaidi na madaktari wa upasuaji. Ni sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hutawala njaa, kiu, usingizi, joto la mwili na kwa kiasi fulani hisia na kumbukumbu. Homoni za pituitari zikikosekana, zipo dawa za kuchukua nafasi yake. Haipothalamasi ikiharibika hakuna kidonge cha kuirejesha.

Asili yake ni kinywani

Jambo la ajabu kuhusu uvimbe huu ni kwamba chembechembe zake hazikutoka katika ubongo. Zilitoka kinywani.

Katika wiki ya nne hivi ya ujauzito, dari ya kinywa cha kiinitete hutengeneza kijifuko kinachopanda juu kuelekea ubongo. Mwanasayansi Mjerumani Martin Rathke alikieleza kijifuko hicho mnamo 1838 na hadi leo kina jina lake. Kikifika juu, hukutana na kipande kinachoshuka kutoka ubongoni, na viwili hivyo huungana kuwa tezi ya pituitari. Njia kilichopitia kijifuko hicho hutakiwa kufifia na kutoweka. Kwa watu wachache mabaki ya seli hubaki njiani, yakalala kwa miaka mingi, na baadaye yakaanza kukua. Daktari Jakob Erdheim wa Vienna ndiye aliyeyaeleza mabaki hayo kwa kina mnamo 1904 na kuyahusisha na uvimbe huu. Jina la kraniofaringioma, lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya fuvu na koromeo, lilienezwa na daktari mashuhuri wa Marekani Harvey Cushing mnamo 1932.

Asili hiyo ya kinywani inaonekana wazi katika aina inayowapata watoto zaidi. Tishu zake hufanana na zile zinazotengeneza meno, na ndani yake mara nyingi hupatikana chokaa ngumu. Mnamo 2014 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa kuhusu mtoto wa miezi minne katika jimbo la Maryland, Marekani, ambaye uvimbe wake ulikutwa na meno kamili ndani. Hicho ni kisa cha nadra hata miongoni mwa visa vya nadra, lakini hakiwashangazi wanaojua uvimbe huo ulikotoka.

Aina hiyo ya watoto huwa pia na vifuko vya majimaji mazito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, yenye chembe za kolesteroli zinazometameta. Madaktari huyafananisha na mafuta machafu ya injini. Aina ya pili huwapata watu wazima karibu peke yao, na kwa kawaida haina chokaa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limezihesabu aina hizo kuwa maradhi mawili tofauti, kwa sababu hata hitilafu za jeni zinazozisababisha hazifanani.

Hitilafu hizo hutokea ndani ya uvimbe wenyewe. Hazirithiwi kutoka kwa wazazi wala haziambukizwi. Hakuna chakula, simu, jicho la hasidi wala kosa la mama mjamzito lililothibitishwa kuwa chanzo. Jambo hilo linafaa kusemwa waziwazi, kwa maana katika familia nyingi mama ndiye hutwishwa lawama mtoto anapopatikana na ugonjwa usioeleweka.

Dalili na namna zinavyopotosha

Maumivu ya kichwa ndiyo yanayowapeleka wengi hospitalini. Uvimbe ukikua hadi kuziba njia za maji ya ubongo, maji hujikusanya na shinikizo kupanda. Hapo maumivu huwa makali alfajiri na huandamana na kutapika, ambako mara nyingine humpa mgonjwa nafuu ya muda. Watu hudhani ni malaria, mgonjwa akapewa dawa, akapata nafuu siku mbili tatu, kisha hali ikarudi. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yanayorudi wiki baada ya wiki pamoja na matapishi yanahitaji uchunguzi wa ubongo hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea.

Macho hupotosha kwa namna yake. Mgonjwa huanza kupoteza uwezo wa kuona pande za nje, huku kinachokuwa mbele yake akiendelea kukiona vizuri. Kwa hivyo anaweza kusimama mbele ya chati ya herufi kwa mwuza miwani na kuzisoma bila tabu. Mtoto hasemi kwamba haoni pembeni, kwa sababu hajui kwamba wengine wanaona. Huonekana tu kuwa mzembe: humwaga chai iliyo kando yake, hugongana na wenzake uwanjani, huvuka barabara bila kuiona pikipiki.

Lakini kipimo cha kwanza cha tatizo hilo hakihitaji mashine. Mhudumu wa afya huketi ana kwa ana na mgonjwa, kila mmoja akafunika jicho moja, kisha huleta kidole polepole kutoka kando na kuuliza kimeonekana lini. Kazi hiyo huchukua dakika chache na inaweza kufanywa katika zahanati yoyote. Ni kipimo ambacho hakifanywi vya kutosha. Neva ya jicho iliyobanwa kwa muda mfupi inaweza kupata nafuu ikiondolewa mbano. Iliyobanwa kwa muda mrefu hunyauka, na hapo hata upasuaji uliofanikiwa hauwezi kurudisha kuona.

Kimo nacho husahauliwa. Mtoto wa kawaida kati ya umri wa miaka minne na kubalehe huongezeka sentimita tano hivi au sita kwa mwaka. Anayeongezeka pungufu ya sentimita nne anastahili kuchunguzwa. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa katika kliniki zetu kina chati za uzani na kimo, na wazazi wengi hukitunza vyema, lakini chati hizo huishia mwaka wa tano. Baada ya hapo mtoto hupimwa sare za shule tu. Pengine mzazi anayegundua kwamba suruali ya mwaka juzi ingali inamtosha mwanawe ndiye aliyefanya kipimo cha maana kuliko vyote.

Halafu kuna kiu. Homoni ya vasopresini inapopungua, figo hushindwa kuyahifadhi maji. Mgonjwa hukojoa lita nyingi za mkojo mweupe kama maji, usiku na mchana, na hunywa bila kutosheka; mtoto aliyenyimwa maji usiku anaweza kunywa hata ya kuogea. Jamaa hudhani ni ugonjwa wa kisukari, damu hupimwa, sukari hukutwa sawa, na mtoto hurudishwa nyumbani. Kosa liko hapo. Kipimo cha sukari kikiwa sawa, kiu hiyo bado haijaelezwa, na utafutaji wa sababu ndio kwanza unaanza.

Kwa watu wazima dalili hujitokeza kwa sura nyingine. Wanawake hukosa hedhi, au maziwa hutoka ingawa hawanyonyeshi. Wanaume hupoteza hamu ya tendo la ndoa na nguvu zake, jambo ambalo wengi hulificha au hulitafutia dawa za vichochoroni. Uchovu usioisha, kuhisi baridi, kusahau mambo na kubadilika tabia huhesabiwa kuwa uzee au msongo wa mawazo. Vijana huchelewa kubalehe, na msichana wa miaka 15 ambaye hajaona dalili yoyote ya kukua huambiwa asubiri.

Vipimo

Picha ya CT huonyesha chokaa vizuri, nayo MRI huonyesha mipaka ya uvimbe, vifuko vyake na uhusiano wake na neva za macho pamoja na haipothalamasi. Damu hupimwa kiwango cha homoni mbalimbali na chumvi ya sodiamu. Mtaalamu wa macho naye huchora ramani ya eneo ambalo kila jicho linaona, ramani itakayotumika baadaye kupima kama tiba inasaidia.

Kuna kanuni moja ambayo kila anayewahudumia wagonjwa hawa hupaswa kuijua. Ikiwa mgonjwa amepungukiwa na kotisoli pamoja na homoni ya thairoidi, kotisoli hurudishwa kwanza. Dawa ya thairoidi ikitangulia huharakisha matumizi ya kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuzimia na kufa.

Kuondoa wote au kuacha mabaki?

Mwanzoni mwa karne iliyopita upasuaji wa eneo hili ulikuwa wa hatari kubwa. Wagonjwa walifariki mezani au siku chache baadaye, wengi wao kwa sababu miili yao haikuwa na kotisoli ya kuhimili mshtuko. Hali ilianza kubadilika baada ya 1948, kotisoni ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kutibu binadamu. Wagunduzi wake Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel mnamo 1950. Kwa dawa hiyo madaktari walipata ujasiri. Huko Boston, Donald Matson aliongoza fikra kwamba uvimbe wote ung'olewe katika upasuaji wa kwanza, kwa kuwa haukuwa saratani na ukiisha wote mgonjwa angekuwa amepona.

Kwa wengine ilikuwa hivyo. Lakini kadiri watoto waliotibiwa walivyokua, picha nyingine ilijitokeza. Baadhi yao, hadi nusu katika tafiti kadhaa, walinenepa kupita kiasi hata walipokula chakula kidogo, kwa sababu haipothalamasi iliyojeruhiwa haikujua tena tumbo limeshiba wala haikuuamuru mwili utumie nguvu ipasavyo. Wengine walilala mchana na kukesha usiku, wakasahau waliyofundishwa asubuhi, wakawa wepesi wa hasira. Uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini mtoto aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyepelekwa.

Ndiyo maana leo madaktari wengi hupima kwanza uhusiano wa uvimbe na haipothalamasi. Ikiwa haujaigusa, huuondoa wote. Ikiwa umeshikamana nayo, huondoa kiasi kinachowezekana bila kuijeruhi, kisha mabaki hutibiwa kwa miale. Uvimbe ulioachwa nusu bila miale hurudi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa; ukipigwa miale, idadi hiyo hupungua sana. Hata unaoonekana kuondolewa wote unaweza kurudi baada ya miaka. Mimi huona kwamba huu ndio uamuzi ambao familia ina haki ya kuelezwa kwa kirefu kabla ya kutia sahihi. Swali la kumwuliza daktari si tu kama ataweza kuuondoa wote, bali pia ni kwa gharama gani ya ubongo.

Njia ya kuufikia uvimbe nayo imebadilika. Zamani fuvu lilifunguliwa kwa karibu kila mgonjwa, na bado hufunguliwa uvimbe unapotambaa pembeni. Siku hizi wengi hufanyiwa upasuaji kupitia puani kwa mrija mwembamba wenye kamera, ambapo daktari huukabili uvimbe kutoka chini bila kuuinua ubongo. Hatari yake kubwa ni maji ya ubongo kuvuja kupitia pua, na mgonjwa akiona maji meupe yakidondoka puani baada ya upasuaji huo hatakiwi kungoja kliniki ijayo, kwa sababu yanaweza kufuatwa na homa ya uti wa mgongo.

Ikiwa tatizo kubwa ni kifuko cha majimaji, yapo matibabu madogo zaidi. Kijibwawa laini huwekwa chini ya ngozi ya kichwa na kuunganishwa kwa mrija na kifuko hicho, ili majimaji yavutwe kwa sindano kila yanapojaa. Chombo hicho kilibuniwa mnamo 1963 na Ayub Ommaya, daktari wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Pakistan, na kinaitwa kwa jina lake.

Matibabu ya miale hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida mara 30 hivi katika muda wa wiki sita. Kwa watoto wadogo sana madaktari hujaribu kuyachelewesha, kwa sababu ubongo unaokua huumizwa na miale kwa urahisi. Miale ya protoni hupunguza kiasi kinachofikia sehemu zenye afya, lakini mitambo yake ni ghali na nchi nyingi hazina.

Habari njema zaidi ya miaka ya karibuni inawahusu watu wazima. Mnamo 2014 watafiti waligundua kwamba karibu uvimbe wote wa aina ya watu wazima una badiliko moja katika jeni iitwayo BRAF, badiliko lile lile linaloonekana katika baadhi ya saratani za ngozi ambazo zilikuwa na dawa tayari. Mnamo 2023 matokeo ya majaribio yaliyoongozwa na daktari Priscilla Brastianos nchini Marekani yalichapishwa: wagonjwa 16 walipewa vidonge vya vemurafenibu na kobimetinibu, na kwa 15 kati yao uvimbe ulisinyaa. Upungufu wa wastani wa ukubwa wake ulikuwa asilimia 91. Wachache walilazimika kuacha kwa sababu ya madhara ya dawa, na idadi ya waliohusishwa ilikuwa ndogo, lakini si kawaida kwa uvimbe wa ubongo kuitikia vidonge namna hiyo. Kwa bahati mbaya aina ya watoto haina badiliko hilo la jeni, na kwa hivyo dawa hizo haziwafai.

Maisha baada ya hospitali

Katika nchi zenye huduma kamili, wagonjwa zaidi ya wanane kati ya kila kumi huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Hatari inayobaki kwa wengi wao ni kukatizwa dawa.

Vidonge vya haidrokotisoni ndivyo vya kwanza katika orodha hiyo. Mtu mwenye afya akipata homa, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe. Mgonjwa huyu hawezi. Akipata malaria, akivunjika mguu, au akitakiwa kung'olewa jino, dozi yake lazima iongezwe, kwa kawaida maradufu au mara tatu, kama daktari wake alivyomwelekeza. Akitapika hata asiweze kumeza, anahitaji sindano ya dawa hiyo mara moja. Dalili za upungufu huo ni kulegea, tumbo kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa na shinikizo la damu kushuka, na zinafanana mno na za malaria kali. Familia inayoishi mbali na hospitali hufaa kufundishwa kudunga sindano hiyo nyumbani.

Desmopresini, inayochukua nafasi ya vasopresini, huhitaji uangalifu wa namna nyingine. Ikikosekana mgonjwa hukauka. Ikizidi, au akinywa maji kupita kiasi baada ya kuitumia, sodiamu ya damu hushuka na anaweza kupata kifafa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina la Kilatini lililofanana na la kisukari, na ufanano huo ulileta maafa. Kuna wagonjwa waliolazwa hospitalini, wauguzi wakadhani wana kisukari cha kawaida, wakakosa kuwapa desmopresini, nao wakafariki. Mnamo 2022 mashirika ya wataalamu wa homoni yalikubaliana kubadilisha jina hilo na kuuita ugonjwa wa upungufu wa vasopresini.

Homoni ya ukuaji hudungwa kila siku na ni ghali. Hadi 1985 ilitolewa katika pituitari za maiti, na baadhi ya watoto waliodungwa waliambukizwa ugonjwa wa ubongo usio na tiba. Inayotumiwa sasa hutengenezwa maabarani. Dawa ya thairoidi na homoni za uzazi hukamilisha orodha hiyo.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani huleta swali la pekee. Anayetumia haidrokotisoni au desmopresini anaweza kudhurika akifunga, na haifai aanze saumu kabla ya kuzungumza na daktari wake, na ikibidi na imamu wake. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, na wapo wanaohatarisha maisha kwa kuona haya kuitumia.

Hapa nchini upasuaji wa aina hii hufanyika katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na katika hospitali nyingine chache kubwa, na wengi wa wataalamu wako Nairobi. Kuhusu madaktari wa homoni za watoto, Kenya imekuwa na bahati kuliko majirani wengi: tangu 2008 Nairobi imekuwa na kituo cha kuwafunza madaktari hao kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na wahitimu wake wamerudi kufanya kazi katika nchi zao. Hata hivyo, mgonjwa kutoka Turkana au Tana River bado ana safari ndefu kila kliniki inapofika, na dawa kama desmopresini si rahisi kupatikana nje ya miji mikubwa. Wazazi wenye uzoefu hununua ya mwezi unaofuata kabla ya huu kwisha.

Shule ya bweni ndipo mambo hayo yote hukutana. Mwanafunzi anayehitaji kwenda msalani katikati ya kipindi, kunywa maji nje ya ratiba na kumeza vidonge alfajiri huonekana mkaidi kwa mwalimu asiyeelewa. Barua ya daktari inapaswa kukabidhiwa mwalimu mkuu, mlezi wa bweni na muuguzi wa shule, kila mmoja nakala yake. Itaje jina la ugonjwa, dawa na saa zake, dozi ya kuongezwa siku ya homa, mahali sindano ya dharura inapohifadhiwa, na nambari ya simu ya hospitali iliyo karibu. Itaje pia kwamba mtoto huyo aketi upande ambao jicho lake linaona ubao vizuri, na kwamba asinyimwe maji wala ruhusa ya kutoka darasani kwa adhabu yoyote.